"Hakuna Utafiti Uliofanyika": Uongo Unaobaindiwa Kila Mwaka

Ukipita kwenye steshenari za Ilomba, jijini Mbeya, mwaka wa masomo unapoelekea ukingoni, utakuta mashine za kubaindi hazipumziki. Tasnifu zinatoka na jalada gumu, jina la chuo kwa herufi za dhahabu, na ndani yake, sura ya pili, karibu kila moja ina sentensi ileile: hakuna utafiti wa kutosha uliofanyika kuhusu suala hili katika Nyanda za Juu Kusini. Sentensi hiyo haichagui mada. Inatumika kwa viazi mviringo, kwa maharage, kwa uji wa watoto, kwa ulanzi. Msimamizi anaipitia, anaweka tiki. Hakuna anayeuliza: umetafuta wapi?

Hakuna anayeuliza kwa sababu jibu linajulikana, na linakubalika. Mwanafunzi ametafuta Google. Imani iliyoenea vyuoni, kuanzia hosteli za wanafunzi mpaka ofisi zinazopanga bajeti, ni kwamba makala zote za kitaalamu siku hizi ziko mtandaoni, na maktaba ya chuo imebaki kuwa ukumbi wa kujisomea na kuchajia simu.

Tuieleze imani hiyo kama wenyewe wanavyoieleza, tusiwapunje. Wanasema vitabu vya maktaba ni vya zamani. Kile unachokihitaji kina nakala moja, na nakala hiyo haiazimishwi. Kompyuta ni chache, umeme unakatika, begi unaliacha mlangoni, na milango inafungwa saa ambayo mwanafunzi mwenye kibarua cha mchana ndiyo kwanza anapata nafasi. Simu, kwa upande wake, iko mfukoni usiku na mchana. Google Scholar ipo tangu 2004 na haikuulizi kitambulisho. Majarida huria yameongezeka. Mwanafunzi wa Ilomba na wa Chicago wanaandika maneno yaleyale na wanaona orodha ileile. Kwa hiyo, wanahitimisha, fedha za maktaba ziende kwenye Wi-Fi.

Malalamiko hayo ni ya kweli na sitayakana hata moja. Hitimisho ndilo lisilosimama.

1. Orodha ileile, milango tofauti

Ni kweli orodha ni ileile. Lakini mwanafunzi wa Chicago akibonyeza kichwa cha makala, inafunguka, kwa sababu nyuma yake ipo maktaba iliyokwisha kulipa. Yeye haioni maktaba hiyo na anadhani amehudumiwa na Google. Wa Ilomba akibonyeza palepale anakutana na bei: dola 30 na ushei kwa makala moja, yaani zaidi ya shilingi 75,000. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo serikali iliipandisha mwaka 2022, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kusoma makala moja kuhusu chakula kungemgharimu chakula cha wiki nzima.

Basi anafanya nini? Anasoma ikisiri ile ya maneno mia mbili, anaiandika upya kwa maneno yake, na makala inaingia kwenye orodha ya marejeleo kana kwamba ameisoma yote. Google Scholar ni dalali: anakuonyesha mzigo, ufunguo wa ghala hana.

Ufunguo upo, na kwa sehemu kubwa ni wa bure. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mpango wa Hinari kwa makala za afya. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likaanzisha AGORA kwa kilimo na chakula. Baadaye wakaja OARE kwa mazingira, ARDI kwa teknolojia na GOALI kwa sheria na sayansi ya jamii, na mipango yote mitano iko chini ya paa moja liitwalo Research4Life. Wachapishaji wakubwa wale wale wanaodai dola 30 wamekubali kufungua majarida yao kwa taasisi za nchi maskini, na Tanzania iko katika kundi ambalo taasisi zake hazilipi kitu. Sharti ni kwamba anayesajiliwa ni taasisi. Mtu binafsi hasajiliwi. Chuo kinajaza fomu, kinapewa jina la mtumiaji na nywila, na vitu hivyo viwili vinakabidhiwa maktaba.

Nirudie, maana hapa ndipo imani nzima inapovunjika mguu: nywila inakabidhiwa maktaba. Google haina. Mwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa naye hana, isipokuwa mkutubi amempa. Mtu anayekuambia maktaba haina kazi tena kwa kuwa makala zimehamia mtandaoni anakuambia, bila kujua, kwamba zimehamia mahali ambapo maktaba ndiyo pekee yenye ruhusa ya kukuingiza.

Wajanja watasema ipo Sci-Hub, ile tovuti ya maharamia iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011. Sitawahubiria kuhusu hakimiliki, maana bei za wachapishaji hao nazo hazina haya. Nawauliza jambo moja tu: mnawezaje kujisifu kwa kuiba kitu mlichokwisha kupewa?

2. Eti vyakula vyetu havijaandikwa

Hii ndiyo hoja pendwa, na ndiyo inayozaa ile sentensi ya sura ya pili. Mwanafunzi anaandika kwenye Google "traditional food in Mbeya", anapata tovuti za hoteli, picha za ugali na blogu ya mtalii aliyekula ndizi Tukuyu. Anafunga simu na kutangaza kuwa uwanja ni mtupu. Anajiona mvumbuzi.

Tatizo ni kwamba taaluma ya chakula haina nyumba moja. Melvil Dewey alipotoa mpangilio wake wa vitabu mwaka 1876 hakukitengea chakula chumba chake, na mpaka leo kimetawanyika. Upishi uko 641. Desturi za kula ziko 394.1. Lishe iko 613.2, ugavi wa chakula kama suala la jamii uko 363.8, uchumi wa kilimo 338.1, mazao ya shambani 633, teknolojia ya usindikaji 664. Anayetembea kwenye rafu anaweza kupita kushoto na kulia kwa saa nzima bila kujua kwamba mada yake imegawanywa katika pembe saba za jengo. Majarida nayo yametawanyika vivyo hivyo. Ni mkutubi aliyefunzwa ndiye anayejua kwamba swali lako moja ni maswali saba.

Chukua chikanda, ule mkate wa viazi vya okidi pori vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na karanga, unaopendwa mno Zambia. Viazi hivyo vinachimbwa Kitulo, Makete, Rungwe, vinapita Tunduma kwa magunia. Mwanafunzi wa masuala ya chakula akitafuta kwenye majarida ya chakula atatoka mikono mitupu na kuandika sentensi yake. Lakini makala ipo, tena ya msingi. Tim Davenport na Henry Ndangalasi waliichapisha mwaka 2003 katika Oryx, jarida la uhifadhi wa wanyama na mimea. Waliifuatilia biashara hiyo, wakakadiria kuwa viazi vinavyovuka mpaka ni mamilioni kwa mwaka. Miaka miwili baadaye Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa. Hiki ni chakula kilichochangia kubadili ramani ya nchi, na makala yake imekaa kwenye jarida ambalo hakuna anayetafuta chakula angelifungua kwa bahati.

Au chukua togwa. Unadhani mama zetu ndio pekee waliowahi kuichunguza? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na wenzao wa Norway walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa bakteria na hamira zinazoichachusha, katika jarida la kimataifa la mikrobiolojia ya chakula. Kuhusu ulezi unaotengenezewa togwa hiyo, ukiandika "ulezi" utapata kurasa za malezi ya watoto. Ukiandika Eleusine coracana, jina lake la kisayansi, mlango unafunguka. Mianzi inayotoa pombe ya ulanzi ina mtego wake: wengine wameiandika Oxytenanthera abyssinica, wengine Oxytenanthera braunii, na anayejua jina moja anapata nusu ya kilichopo. FAO ina orodha ya istilahi za kilimo na chakula iitwayo AGROVOC, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa ya kukutoa kwenye jina la mtaani hadi jina la kwenye hifadhidata. Inapatikana bure. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwanafunzi kwamba ipo, na mtu huyo kikawaida anakaa nyuma ya meza ya maulizo, hana foleni.

Mfano wa mwisho katika hoja hii, halafu tuendelee. Kati ya 1934 na 1938 mwanaanthropolojia Monica Wilson aliishi na Wanyakyusa wa Rungwe. Kitabu chake cha 1951, Good Company, kinaeleza vijiji vya rika, ambako vijana walijenga pamoja, wakaishi pamoja na, jambo linalotuhusu, wakala pamoja. Kula na wenza ndiko kulikomfanya mtu awe mtu. Kwenye jina la kitabu hakuna neno chakula, na ukikiangalia kwa macho ya Google ni kitabu cha ukoo na umri. Nani atakuelekeza huko kama si mtu aliyewahi kukishika?

3. Iringa ilivyosahaulika Iringa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sijawahi kuona kinaya kikubwa kuliko hiki katika taaluma yoyote nchini.

Kila mwanafunzi wa lishe anaujua ule mchoro wa ngazi tatu. Juu kuna utapiamlo. Chini yake sababu za karibu: ulaji duni na maradhi. Chini ya hizo, chakula cha kaya, matunzo ya mama na mtoto, huduma za afya na mazingira. Chini kabisa ni mizizi: uchumi, siasa, mgawanyo wa rasilimali. Umewekwa kwenye tasnifu kutoka Accra hadi Dhaka. Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anaupakua kwenye picha za Google na kuandika chini yake "Chanzo: UNICEF, 1990". Wengine huandika "Chanzo: Google". Kisha anaeleza kwamba atajaribu kuona kama nadharia hii ya kigeni inafaa mazingira yetu.

Nadharia ya kigeni! Mchoro huo ulikomaa Iringa. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania pamoja na WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, zilianza mkoani humo mpango wa pamoja wa lishe uliogusa vijiji 168. Iringa ya wakati huo ilikuwa na Njombe ndani yake, maana Njombe ilijitenga kuwa mkoa mwaka 2012. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya 1973, ilikuwa mhimili. Watoto walipimwa uzito kijijini, wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili kwa nini mtoto fulani amekonda, kisha wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Kutokana na kazi hiyo na mijadala yake, iliyomhusisha mtu kama Urban Jonsson wa UNICEF, ukatoka mfumo wa kuchambua sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza duniani kote katika mkakati wake wa 1990.

Sasa soma takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022. Watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu nchini ni asilimia 30. Iringa ni asilimia 57, ya kwanza kitaifa. Njombe ni asilimia 50. Mkoa uleule uliowafundisha walimwengu namna ya kuuliza kwa nini mtoto anadumaa, tena mkoa unaojitosheleza kwa mahindi na kulisha wengine, ndio unaoongoza kwa udumavu baada ya miaka 40.

Kuna swali la chakula zito kuliko hilo katika Afrika Mashariki? Kulijibu kunataka usome tathmini za mpango wa miaka ya themanini, ujue nini kilifanyika vijijini fedha za wafadhili zilipokatika, ulinganishe na sera ya bei moja ya mahindi ya nchi nzima ya miaka ya sabini, iliyoifanya mikoa hii kuwa ghala la taifa. Utamhitaji Deborah Bryceson, aliyeandika mwaka 1990 historia ya upungufu wa chakula Tanzania kuanzia 1919 hadi 1985. Utahitaji makala za Hinari upande wa lishe na za AGORA upande wa kilimo, maana mwanafunzi akiingia mlango mmoja tu ataona nusu ya mtoto.

Badala yake tunapata, mwaka hadi mwaka, dodoso lilelile la maswali ishirini linalopelekwa kwa mama yuleyule wa Kilolo au Mufindi. Umri wako? Elimu? Jana mtoto alikula nini? Mama huyo ameacha kupalilia ili ajibu. Alijibiwa nini na yule aliyemuuliza mwaka juzi? Hakuna, kwa sababu wa mwaka huu hajui kama wa mwaka juzi aliwahi kupita. Ameandika kwamba hakuna utafiti uliofanyika. Gharama ya kutokutafuta tunapenda kuihesabu kwa alama za mwanafunzi, kumbe anayeilipa ni mtu ambaye hana habari kama kuna kitu kinaitwa sura ya pili.

4. Kinachopatikana kirahisi

Mtetezi wa simu atarudi na silaha mbili.

Ya kwanza ni kwamba makala za bure zinatosha. Baadhi zinatosha kweli, na nyingine ni bora kuliko za kulipia. AJFAND, jarida la chakula, kilimo na lishe alilolianzisha Profesa Ruth Oniang'o wa Kenya mwaka 2001, linasomwa bure, na ni aibu kwamba nimekutana na wahitimu wa fani hiyo wasiolijua. African Journals Online, iliyoanza 1998, imekusanya majarida ya bara letu, ya Tanzania yakiwemo. Lakini mtandao huohuo umejaa majarida ya kulipia kuchapishwa, ambako mwandishi anatuma fedha Jumatatu na makala inatoka Ijumaa bila mtaalamu yeyote kuipitia. Majina yake ni makubwa, yote ni ya kimataifa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado aliyekuwa akiyaorodhesha, aliiondoa orodha yake mwaka 2017, na tangu hapo kila mtu anajipambanulia mwenyewe. Google haipambanui, inaonyesha kinachofunguka. Kwa mwanafunzi mwenye bando la mwisho, kinachofunguka ndicho ukweli.

Silaha ya pili ni akili mnemba. Hii haihitaji aya nyingi. Ukiiomba programu ya aina ya ChatGPT ikupe makala kumi kuhusu lishe Mbeya, inaweza kukupa kumi zilizopangwa vizuri, zenye mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, na baadhi yake zikawa hazijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Njia ya kugundua ni kuzitafuta moja moja kwenye hifadhidata. Yaani unarudishwa maktaba, safari hii ukiwa umechelewa.

5. Ambacho mtandao hauna

Kilomita chache kutoka Ilomba, ukifuata barabara kuu kuelekea mashariki, iko Uyole. Tangu miaka ya sabini, kwa msaada wa nchi za Nordiki, pale pamefanyika utafiti wa maharage, mahindi, viazi na maziwa. Maharage mengi tunayokula Mbeya ni mbegu zenye jina la Uyole. Kwenye kituo hicho, ambacho leo ni TARI Uyole, kumeandikwa ripoti za miaka mingi: majaribio shambani, ladha walizozikataa walaji, sababu za mkulima kuikumbatia mbegu moja na kuiacha nyingine. Nyingi ziliandikwa kwa taipureta, zikadurufiwa nakala chache, zikagawiwa maofisa. Si zote zilizowahi kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni, na kwa Google kitu kisichokuwa mtandaoni hakijawahi kutokea.

Morogoro iko Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya Bunge ya 1991, ikiwa na jukumu la kukusanya maandiko ya kilimo ya nchi nzima. Hifadhi ya kidijitali ya SUA ina tasnifu za wahitimu wake, unazisoma bila kulipa. Mwanafunzi wa Mbeya anayeandika kuhusu lumbesa ya viazi, au kuhusu namna chipsi za Dar es Salaam zinavyotegemea mashamba ya Njombe na Mbeya, ana mtangulizi wake mahali fulani kwenye rafu au hifadhi hizo. Mkutubi wa chuo anaweza kuandika barua, kupiga simu, kuomba nakala. Ndiyo kazi aliyosomea.

Halafu tunashangaa kwamba risechi zinauzwa. Fundi wa risechi pale steshenari hafanyi muujiza. Anachukua tasnifu ya zamani, anafuta Mbozi, anaandika Mbarali, na kwa haraka anasahau Mbozi moja katikati ya sura ya nne. Kama utafutaji wenyewe tumeshakubaliana ni kuandika maneno matatu kwenye simu, kwa nini mtu asimlipe mwenye simu nzuri zaidi?

6. Anayenufaika

Imani iliyoenea kiasi hiki lazima iwe na mtu inayemfaa. Haimfai mwanafunzi, kama tulivyoona. Inaifaa ofisi ya bajeti.

Chuo kikishaamini kwamba kila kitu kiko Google, kinaacha kuajiri mkutubi wa marejeleo na kumweka karani wa kupokea mabegi. Kinaacha kulipia mafunzo ya wafanyakazi wa maktaba, kwa kuwa ya nini? Usajili wa Research4Life unaachwa mikononi mwa mtu mmoja. Akihama kituo, nywila inahama naye kichwani. Kipindi cha kumfundisha mwaka wa kwanza kutafuta makala kinakuwa nusu saa ya wiki ya maelekezo, kati ya hotuba ya nidhamu na upimaji wa afya. Baada ya hapo wanasema wanafunzi hawaji maktaba, kwa hiyo haina umuhimu, kwa hiyo bajeti ipunguzwe. Wanaivunja miguu kisha wanaishitaki kwa kutotembea.

Na wakutubi nao wasikae kimya wakidhani nimewatetea. Kuna maktaba ambamo nywila inafichwa kama hati ya kiwanja. Mwanafunzi anaingia, "Shikamoo mama, naomba namna ya kuingia AGORA," anajibiwa aandike barua kupitia kwa mkuu wa idara. Kwa chakula cha mtoto wa Kilolo, barua! Masharti ya mpango yanakataza kuianika nywila hadharani mtandaoni. Hayakatazi kumhudumia mwanafunzi wako aliyesajiliwa, aliyesimama mbele yako na kitambulisho shingoni. Mkutubi anayeificha anaiandalia Google wateja.

Fedha zinazohitajika kurekebisha haya si za kutisha. Usajili hauna ada. Jarida la Oniang'o na tasnifu za SUA ni bure. Kinachotakiwa ni mkutubi mmoja mwenye saa za kutosha, vipindi vitatu au vinne vya vitendo kwa kila darasa kabla ya kuandika andiko la utafiti, maktaba inayofungwa usiku badala ya jioni, na mtandao unaoshika ndani ya jengo hilo. Naam, Wi-Fi nayo. Sijawahi kuipinga. Nimepinga kuinunua kwa fedha za yule ambaye angekuonyesha cha kufanya nayo.

Kwa wasimamizi wa tasnifu nina ombi moja, na halihitaji kikao. Mkiikuta sentensi ile mwaka huu, msiitie tiki. Mwambieni mwanafunzi aandike chini yake ametafuta katika hifadhidata zipi, kwa maneno gani, majina yapi ya kisayansi, na lini. Akishindwa kutaja zaidi ya Google, aifute sentensi hiyo kabla haijafika kwa fundi wa kubaindi.